Maswali ya Wasomaji: Lenzi za Jicho za Pembe Pana, za Bei Nafuu na za Bei Ghali

SWALI: Mshauri, salamu nyingi kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na klabu yetu ya astronomia ina darubini ya kioo ya mtindo wa Dobson yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, yaani zile za kuchungulia zinazochomekwa kwenye darubini, za aina ya Plössl, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Wazazi wametuchangia shilingi laki tisa ili tununue lenzi za pembe pana. Mwalimu mwenzangu anashauri tuchukue lenzi moja ghali ya kampuni ya Tele Vue, tumalizane na habari hiyo kwa maisha yote. Mimi naona lenzi za Kichina za dola 30 zinasifiwa sana, na kwa fedha hizo tungepata seti nzima na chenji ikabaki. Je, tofauti ya bei ya mara kumi inaonekana kweli jichoni, au tunalipia jina tu?
— Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, hamlipii jina tu. Tofauti ipo na jicho huiona, isipokuwa haipo mahali ambapo wanunuzi wengi huitafuta. Ukiielekeza darubini yenu kwenye sayari ya Zohali na kuiweka katikati kabisa ya picha, lenzi ya dola 30 iliyotengenezwa vizuri na lenzi ya dola 350 zitakuonyesha pete zilezile, pamoja na ule mwanya mweusi wa Cassini uliomo ndani ya pete, kwa ukali unaokaribiana kiasi kwamba watazamaji wengi hawatajua ipi ni ipi. Kinachoamua ubora wa picha ya katikati ni utulivu wa hewa usiku huo, jinsi vioo vya darubini vilivyolinganishwa, na kama kioo kikuu kimekwisha kupoa kufikia joto la hewa ya nje. Fedha za ziada hununua theluthi ya nje ya picha: ule ukanda wa pembezoni ambako nyota katika lenzi rahisi huacha kuwa kitone na kuanza kuvutika.

Ili uone kwa nini ukanda huo ni ghali, inafaa kuanza na lenzi mlizo nazo. Georg Simon Plössl wa Vienna alibuni mpangilio huo mwaka 1860, na hadi leo unatupatia pembe ya mwono, yaani upana wa duara ambalo jicho huliona ndani ya lenzi, ya digrii 50 hivi ikiwa safi karibu yote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mjerumani Heinrich Erfle aliipanua pembe hiyo hadi digrii 60 na zaidi kwa ajili ya vyombo vya kijeshi, lakini nyota za pembezoni zilivurugika, kwa sababu miale inayoingia kwa mshazari mkali haikutani tena katika nukta moja. Kasoro hiyo huitwa astigmatizimu, na huzidi kadiri uwiano wa fokasi wa darubini (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo, huandikwa kwa herufi f) unavyopungua. Darubini ya f/10 hupeleka mwanga katika koni nyembamba ambayo karibu lenzi yoyote huimudu. Ya f/6 kama yenu hupeleka koni nene zaidi. Na ya f/4.5 huanika kila udhaifu wa lenzi bila huruma.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Al Nagler, Mmarekani aliyekuwa amebuni mifumo ya lenzi kwa ajili ya vyombo vya kuwafunzia wanaanga wa Apollo, na ambaye mwaka 1977 alianzisha kampuni ya Tele Vue. Mpangilio wake wa digrii 82, ulioombewa hataza mwaka 1979, huweka chini ya lenzi ya jicho kikundi cha lenzi mbinuko-ndani, yaani zilizobonyea katikati, kinachofanya kazi kama lenzi ya Barlow (ile ya kuongeza ukuzaji) iliyojengewa humo humo. Kikundi hicho huinyosha koni ya mwanga kabla haijafika kwenye lenzi kubwa za juu, hivyo lenzi hizo hufanya kazi kana kwamba darubini ina f kubwa zaidi kuliko ilivyo. Matokeo ni mwono mpana ambao nyota zake hubaki vitone hadi karibu na ukingo. Gharama yake ni vipande vingi vya kioo, aghalabu sita, saba au zaidi, baadhi vya vioo maalumu, na kila uso lazima usuguliwe kwa usahihi, upakwe tabaka za kuzuia mwakisiko, na kingo zake zitiwe weusi ili mwanga usirukeruke ndani. Mwaka 2007 kampuni hiyo hiyo ilitoa lenzi ya Ethos ya digrii 100.

Sasa naja kwenye jambo ambalo nakuomba ulizingatie kuliko mengine yote. Wazo la kuweka lenzi mbinuko-ndani upande wa chini limekwisha kuwa la kila mtu, na viwanda vya China hulitumia katika lenzi za bei ndogo kabisa. Zipo lenzi za digrii 66 zenye mstari wa rangi ya dhahabu kiunoni, zinazouzwa na Svbony na pia kwa majina mengine mengi ingawa ni zilezile, katika urefu wa fokasi wa milimita 6, 9, 15 na 20. Ukizipanga mezani zinafanana kama ndugu. Hata hivyo, ile ya milimita 6 na ile ya milimita 9 zina kikundi hicho cha chini, na katika darubini ya f/6 hufanya kazi njema kuliko bei yake inavyoahidi. Zile za milimita 15 na 20 hazina kikundi hicho, zimebaki katika ukoo wa Erfle, na nyota za pembezoni mwake huvutika waziwazi. Ndiyo maana nakusihi usinunue seti nzima. Anayenunua seti hupata lenzi mbili nzuri na mbili ambazo baada ya miezi michache hazitoki tena sandukuni, kisha huondoka akiamini kwamba lenzi zote za bei nafuu ni za ovyo.

Zina kasoro zake hata hizo mbili nzuri. Ukilisogeza jicho kidogo upande au ukilikaribisha mno, kivuli cheusi hutambaa juu ya picha, na mwezi ukiwa nje kidogo ya uwanja wa mwono utaona mmeto hafifu ukikatiza ndani. Katika lenzi ya bei kubwa mambo haya hupungua sana. Wanafunzi wako watayazoea mambo hayo haraka, kwa kuwa kivuli kile hutoweka mara mtazamaji anapojifunza kuliweka jicho mahali pake.

Pembe pana ina manufaa makubwa kwa klabu ya shule, na sababu yake ni kwamba darubini ya Dobson haifuati nyota yenyewe. Anga karibu na ikweta yake, kwa mfano penye zile nyota tatu za mkanda wa Orion, hupita kwa robo digrii kila dakika. Ukitumia lenzi ya milimita 6 mnapata ukuzaji wa mara 200. Kama lenzi hiyo ni Plössl ya digrii 50, nyota itakatiza uwanja mzima kwa dakika moja tu. Ikiwa ya digrii 66, itachukua kama dakika moja na sekunde 20. Ikiwa ya digrii 82, karibu dakika moja na sekunde 40. Na ikiwa ya digrii 100, dakika mbili kamili. Palipo na foleni ya wanafunzi arobaini, sekunde hizo 20 kwa kila mmoja ni tofauti kati ya mtoto aliyeiona Mshtarii na miezi yake minne, na mtoto aliyeona weusi mtupu akaona haya kusema.

Kwa fedha zenu, ningenunua hivi. Kwanza lenzi mbili za digrii 66, za milimita 9 na 6, ambazo kwa pamoja ni kama dola 60. Ile ya milimita 9 itawapa ukuzaji wa mara 133 na kipande cha anga cha nusu digrii, yaani mwezi mpevu utaujaza uwanja wote, na lile kundi kubwa la nyota la Omega Centauri, ambalo sisi wa kusini mwa ikweta hulipata likiwa juu jioni za katikati ya mwaka, litamwagika hadi ukingoni. Kisha ningeweka sehemu kubwa ya fedha katika lenzi moja ya daraja la kati, ya milimita 24 na digrii 68, kama ile ya Explore Scientific, kwa sababu ni katika lenzi ndefu ndipo bei nafuu hushindwa. Itawapa ukuzaji wa mara 50 na kipande cha anga cha digrii 1.3 hivi. Kilimia, ambayo nyota zake angavu zinaenea kama digrii moja, sasa inabanwa ukingoni katika Plössl yenu ya milimita 25. Katika lenzi hii itakaa ikiwa na weusi wa anga kuizunguka, na hapo ndipo macho huitambua kuwa ni kundi lililojitenga na nyota nyingine. Fedha zitakazobaki baada ya usafirishaji na ushuru zinunue kifaa cha kulinganishia vioo, maana lenzi yoyote huonekana mbaya katika darubini ambayo vioo vyake vimekwenda upande.

Ikiwa bajeti itapungua, fahamu kwamba lenzi ya Plössl ya milimita 32, ambayo haifiki robo ya bei hiyo, huonyesha kipande cha anga karibu sawa kabisa na ile ya milimita 24 na digrii 68. Zote mbili zimefika mwisho wa upana unaoruhusiwa na bomba la lenzi la inchi 1.25, ambamo pete ya ndani inayokata picha haiwezi kuzidi milimita 27 au 28. Unachopata kwa kulipa zaidi ni ukuzaji mkubwa kwa kipande kilekile cha anga, na kwa hiyo anga nyeusi zaidi nyuma ya nyota. Kwa Dodoma, ambako taa za mji zinaongezeka kila mwaka, mimi ningelipa.

Mwenzako naye ana hoja, na usimpuuze. Lenzi bora huishi kuliko darubini, huhamia kwenye darubini inayofuata, na ikiuzwa mkononi hurudisha sehemu kubwa ya fedha. Kama darubini yenu ingekuwa ya f/4.5, au kama mtumiaji angekuwa mtu mmoja anayekaa na anga usiku kucha peke yake, ningesimama upande wake. Lakini lenzi ya dola 350 inayopita mikononi mwa watoto gizani itamfanya mwalimu atumie usiku wote kuilinda badala ya kufundisha.

SWALI: Ninaishi Mombasa na nina darubini ya kioo ya milimita 150, f/5. Nilinunua lenzi ya inchi 2 isiyo na jina kubwa, ya milimita 30 na digrii 80. Katikati ni nzuri mno, lakini pembezoni kila nyota inaonekana kama ndege aliyekunjua mbawa. Je, nikinunua lenzi ya kiwango cha juu kabisa, ndege hao watakwisha?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, watapungua sana lakini hawatakwisha, na kabla hujatoa fedha inakubidi ujue ni kasoro zipi zinazokutesa, kwa kuwa huenda ziko tatu na kila moja ina mwenyewe.

Chagua nyota angavu, iweke katikati, ifokasi iwe kitone, kisha isukume polepole hadi ukingoni huku ukiiangalia. Ikifika ukingoni na kuvimba, gusa fokasi kidogo. Ikirudi kuwa kitone, basi ulichokiona ni mpindo wa uwanja, yaani katikati na ukingo havifokasiki mahali pamoja; jicho la kijana hulirekebisha hilo lenyewe bila mwenye nalo kujua, na jicho la mtu aliyevuka miaka hamsini haliwezi. Ikiwa badala yake nyota inakuwa kijistari, na ukiipitisha fokasi upande wa pili kijistari kinageuka na kusimama kwa pembe mraba na kile cha kwanza, hiyo ni astigmatizimu, na mwenye kosa ni lenzi yako ya jicho. Ikiwa nyota ina ncha angavu inayoelekea katikati ya picha na mkia unaotawanyika kuelekea nje, na umbo hilo halibadiliki hata ukigusa fokasi, hiyo ni koma, na lenzi haina hatia hata kidogo. Koma hutoka kwenye kioo kikuu cha darubini yako chenye umbo la parabola. Katika f/5 duara lisiloguswa na koma lina upana wa kama milimita 3 tu katikati ya picha, ilhali lenzi yako inachukua milimita 40 au zaidi.

Yale mabawa uliyoyaeleza ni astigmatizimu na koma zikiwa pamoja, na nina hakika sehemu kubwa ni ile ya kwanza, maana lenzi za bei nafuu zenye urefu wa milimita 30 na pembe ya digrii 80 hazijapata kuimudu f/5. Lenzi ya daraja la juu, kwa mfano Nagler ya milimita 31, itaiondoa astigmatizimu, na hapo koma iliyokuwa imejificha nyuma yake ndiyo itakayojitokeza, safi na dhahiri. Wanaotaka kuiondoa nayo hununua kirekebisha koma, kama kile cha Tele Vue kiitwacho Paracorr, ambacho nacho kina bei ya lenzi nyingine. Isitoshe, lenzi hiyo ya Nagler ina uzito wa kilo moja, na darubini ndogo kama yako huinamisha kichwa ikibebeshwa mzigo huo mbele, mpaka ufunge kitu kizito upande wa nyuma.

Kuna jambo la mwanga pia. Gawanya milimita 30 za lenzi kwa 5 za uwiano wa fokasi, utapata 6, na huo ni upana kwa milimita wa mwale unaotoka kwenye lenzi kuingia jichoni. Katika mji wenye taa kama Mombasa mwale mpana hivyo huleta anga ya kijivu, na kama mboni yako haifunguki kufikia milimita 6, mwanga unaozidi hupotea nje ya jicho. Lenzi ya digrii 68 na milimita 24 itakupa mwale wa milimita 4.8, anga nyeusi zaidi, na kipande cha anga cha digrii mbili na kidogo, ambacho bado kinaimeza Kilimia yote na sehemu kubwa ya lile wingu la gesi liitwalo nebula ya Carina. Huo ndio ushauri wangu kwako, na ile ya milimita 30 uitunze kwa ajili ya kutafutia vitu kabla ya kukuza.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, navaa miwani, na kila nikijaribu lenzi ya mjukuu wangu ya Plössl ya milimita 6 naona tundu dogo tu. Nimeambiwa lenzi za bei ghali ndizo zinazofaa wenye miwani. Je, ni kweli?
— Msomaji, Arusha

JIBU: Shikamoo mama. Tatizo lako halitokani na bei. Katika Plössl, umbali ambao jicho linapaswa kukaa kutoka kwenye kioo cha lenzi ni kama robo tatu ya urefu wa fokasi, kwa hiyo ya milimita 6 inakudai uweke jicho milimita nne au tano tu kutoka kwenye kioo, na miwani haikuruhusu. Mvaa miwani anahitaji milimita 15 hadi 20. Ile lenzi ya dola 30 ya digrii 66 niliyomtajia mwalimu wa Dodoma ina umbali mkubwa zaidi wa jicho hata katika urefu wa milimita 6, ilhali zipo lenzi za bei kubwa zenye digrii 82 ambazo umbali wake ni milimita 12 tu na zitakuudhi vilevile. Kwa hiyo mwambie mjukuu asome takwimu hiyo kwenye maelezo ya muuzaji kabla ya kusoma bei.

Pengine pia huhitaji kuvaa miwani hiyo darubinini. Ikiwa miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue na uzungushe fokasi, picha itakaa sawa. Ikiwa ni ya kurekebisha astigmatizimu ya jicho lenyewe, utaihitaji kwa ukuzaji mdogo, lakini kwa ukuzaji mkubwa, ambako mwale unaotoka una upana usiozidi milimita moja au mbili, unatumia sehemu ya katikati tu ya mboni yako na kasoro hiyo karibu haionekani.

SWALI: Niko Tanga, karibu kabisa na bahari. Lenzi yangu nzuri imeota utando mweupe ndani. Je, lenzi ghali zingevumilia?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Huo ni ukungu wa kuvu, na hauchagui bei. Baadhi ya lenzi za daraja la kati, kama zile za digrii 82 za Explore Scientific, zimefungwa zisiingize maji na kujazwa gesi ya agoni, na kwa mtu wa pwani ningezipendelea hata mbele ya lenzi ghali zaidi zisizofungwa. Kwa lenzi za kawaida, ziache baada ya kutazama zikauke kwanza ndani ya chumba kikavu, kisha zitie katika kopo la plastiki linalobana pamoja na vifuko vya silika jeli, na uvikaushe vifuko hivyo vinapolowa. Usizihifadhi katika mkoba wa ngozi au kitambaa, kwa sababu huko ndiko kuvu hustawi. Vumbi na chumvi vipulizwe kwa pampu ya mpira kabla ya kugusa kioo, kwa kuwa chembe ya chumvi ikiburutwa chini ya kitambaa hukwaruza zile tabaka za kuzuia mwakisiko. Lenzi iliyokwisha kuota kuvu ndani itengwe na nyingine leo hii, kisha ipelekwe kwa fundi wa kamera anayeweza kuifungua.